Kazi ya Mungu Haina Makosa? Jinsi Wakristo Wanavyoyaelewa Mateso na Wema wa Mungu

Mtu anapofariki katika familia ya Kikristo, iwe Mombasa, Mwanza au Bukavu, maneno yanayosemwa msibani yanafanana sana: kazi ya Mungu haina makosa, sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi, Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Husemwa kwa upendo, na mara nyingi husemwa na watu ambao wao wenyewe wamekwisha kuzika watoto, wazazi na wenzi wao. Hata hivyo kila kauli kati ya hizo imebeba dai zito la kiimani. Ya kwanza inadai kwamba kifo hiki ni kazi ya Mungu. Ya pili inadai kwamba Mungu alimtaka marehemu kiasi cha kumtoa mikononi mwa watu waliomhitaji. Ya tatu imetoka katika Ayubu 1:21, yaani sura ya kwanza ya kitabu chenye sura 42, na ni mara chache msibani msomaji kuendelea hadi sura ya tatu, ambako mtu yuleyule aliyeyatamka maneno hayo anailaani siku aliyozaliwa.

Wakristo wamelitafakari suala la mateso na wema wa Mungu kwa karibu miaka elfu mbili, na hawajafikia jibu moja. Nadhani sababu kubwa ni kwamba swali lenyewe si moja. Kuuliza uovu umetoka wapi ni tofauti na kuuliza kwa nini Mungu anauruhusu. Kuuliza Mungu yuko wapi mtu anapoteseka ni tofauti tena. Na kuuliza kama mateso yatakoma ni jambo jingine kabisa. Kila jibu kubwa la mapokeo ya Kikristo lilizaliwa likijibu mojawapo ya maswali haya. Linapohamishwa na kutolewa kama jibu la swali jingine, hugeuka kuwa mzigo juu ya mtu ambaye tayari amelemewa.

Umbo kali zaidi la swali hili limehifadhiwa na mwandishi Mkristo Lactantius, ambaye mwanzoni mwa karne ya nne alimnukuu mwanafalsafa Mgiriki Epicurus. Hoja inakwenda hivi: ama Mungu anataka kuondoa maovu lakini hawezi, ama anaweza lakini hataki, ama hataki wala hawezi, ama anataka na pia anaweza. Asipoweza, ni dhaifu. Asipotaka, si mwema. Na kama anataka na anaweza, maovu yanatoka wapi? Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume aliirudisha hoja hiyo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1779, baada ya kifo chake, na tangu hapo haijatoka mezani. Njia rahisi ya kuikwepa ni kuacha mojawapo ya nguzo zake: kusema Mungu hana uwezo wote, au si mwema kama tunavyodhani, au mateso ni mazigazi tu. Makanisa kwa ujumla yamezikataa njia zote tatu. Yanakiri Mungu Mwenyezi, yanakiri kwamba ni mwema, nayo yanakiri katika Imani ya Mitume kwamba Yesu aliteswa, akasulibiwa, akafa, akazikwa. Mtu anayekiri mateso katika kanuni yake ya imani hawezi kuyaita mazigazi.

Uovu umetoka wapi

Jibu lililotawala Kanisa la Magharibi kwa muda mrefu lilitoka Afrika ya Kaskazini. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, na kwa muda wa miaka tisa hivi alikuwa mfuasi wa Wamani, waliofundisha kwamba ulimwengu ni uwanja wa vita kati ya nguvu mbili za milele, ya nuru na ya giza. Fundisho hilo lilikuwa na mvuto unaoeleweka, kwa kuwa lilimwondolea Mungu mwema lawama yote. Lakini lilimwacha Mungu akiwa na mpinzani aliye sawa naye, na Augustino akaliacha.

Alichokiweka mahali pake kilikuwa wazo lenye kina. Kila kilichopo, kwa kuwa kimeumbwa na Mungu, ni chema kwa kadiri kilivyopo. Uovu si kitu kilichoumbwa. Ni upungufu wa wema mahali ambapo wema ulipaswa kuwapo. Mfano wake mwenyewe ni wa jeraha: linapopona, halihamii mahali pengine, bali linakoma kuwapo, kwa sababu lilikuwa ni kukosekana kwa uzima katika mwili. Hakusema kwamba uovu hauumi. Alichosema ni kwamba hauna muumba, na kwa hiyo hauwezi kuhesabiwa miongoni mwa kazi za Mungu. Upungufu huo uliingia, kwa maelezo yake, pale viumbe wenye hiari, malaika na wanadamu, walipogeuza utashi wao kutoka kwa Mungu.

Nguvu ya jibu hili inaonekana tunapolileta karibu nasi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati la Bwisya kisiwani Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kivuko hicho kilikuwa na idhini ya kubeba abiria 101. Mtu anayesimama mbele ya majeneza hayo na kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu amekosea hata kwa vipimo vya Augustino mwenyewe, maana kuzidisha abiria kuna wahusika wenye hiari. Hapa theolojia ya hiari huyataja makosa ya wanadamu waziwazi na kudai wawajibike, na sidhani kama kuna heshima kubwa zaidi kwa marehemu kuliko hiyo.

Lakini tukio hilohilo lina upande mwingine. Siku mbili baadaye waokoaji walimtoa akiwa hai fundi wa mitambo aliyekuwa amejisitiri mahali palipobaki na hewa ndani ya kivuko. Wengi walimshukuru Mungu, na ilikuwa haki kushukuru. Shukrani hiyo hata hivyo huzua swali ambalo mzazi aliyempoteza mtoto katika maji yaleyale hawezi kuacha kuliuliza, na hiari ya wanadamu haimjibu.

Wala haiyajibu mateso ambayo hakuna mtu aliyeyatenda. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, likaufunika mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Augustino angesema kwamba asili nzima iliharibika kwa anguko la Adamu, na Paulo katika Warumi 8:22 anasema viumbe vyote vinaugua pamoja. Ugumu ni kwamba matabaka ya dunia yanaonyesha volkano, maporomoko na vifo vya wanyama mamilioni ya miaka kabla ya mwanadamu wa kwanza kutokea. Wanatheolojia wengine hujibu kwa kusema kuwa anguko la malaika lilitangulia; wengine kwamba dunia yenye kanuni thabiti za asili, ambamo mvua hunyesha na milima hujengwa, haiwezi kukosa hatari. Hoja hii ya mwisho inaeleza kwa nini maporomoko yapo. Kwa nini yalipita juu ya nyumba hii na kuiacha ile, haielezi.

Je, mateso ni shule?

Kabla ya Augustino palikuwa na mwelekeo mwingine. Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya pili, alifundisha kwamba mwanadamu aliumbwa akiwa bado mchanga, kama mtoto anayehitaji kukua hadi kufikia ukamilifu. Mwaka 1966 mwanafalsafa wa dini John Hick aliuchukua uzi huo na kuusokota upya: ulimwengu haukukusudiwa kuwa mahali pa starehe, bali mahali pa kuifinyanga nafsi. Ujasiri hauwezi kuwapo pasipo hatari, wala huruma pasipo anayeumia, wala msamaha pasipo kosa.

Kuna ukweli ndani yake, na Maandiko yanaukiri. Warumi 5:3 na 4 inasema dhiki huleta saburi, na saburi huleta uthabiti wa moyo. Yakobo anaanza waraka wake kwa wazo hilohilo. Waswahili husema subira huvuta heri. Nawafahamu watu ambao ugonjwa wa muda mrefu uliwafanya wapole na wakweli kuliko walivyokuwa.

Lakini ni lazima tutazame ni nani anayesema na anamwambia nani. Paulo anasema juu ya dhiki zake mwenyewe, mtu aliyechapwa viboko na kufungwa gerezani, akiwaandikia waumini walioishiriki hali hiyo. Ushuhuda wa mtu juu ya kile ambacho Mungu alimtendea ndani ya maumivu yake ni kitu kitakatifu. Ushuhuda huohuo, ukigeuzwa kuwa kanuni na kutamkiwa mtu mwingine, huanza kudai mambo yasiyo kweli. Mtoto wa miaka miwili anayekufa kwa malaria hajifunzi saburi. Na ikiwa tutasema aliyejifunza ni mama yake, tutakuwa tumesema kwamba Mungu alimtumia mtoto kama chombo cha kumfundishia mtu mwingine, jambo ambalo hatungemvumilia mwalimu yeyote wa kibinadamu. Yapo pia mateso yanayomvunja mtu badala ya kumjenga, na Hick mwenyewe aliliona hilo. Ndiyo maana alilazimika kuipeleka kazi ya ufinyanzi mbele, hadi baada ya kifo.

Kuruhusu na sababu ya kuruhusu

Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alipoanza kuthibitisha kuwapo kwa Mungu aliuweka uovu kuwa pingamizi la kwanza kabisa. Jibu lake, alilolichota kwa Augustino, ni fupi: Mungu asingeruhusu uovu wowote kuwapo kama asingekuwa na uwezo na wema wa kutosha kutoa jema hata katika uovu huo. Yusufu anawaambia ndugu zake jambo hilo katika Mwanzo 50:20, kwamba wao walimkusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Mwanamatengenezo Jean Calvin alikwenda mbali zaidi, akakataa hata kutenganisha anachotaka Mungu na anachokiruhusu tu, kwa hofu kwamba Mungu anayeruhusu tu angebaki mtazamaji. Wamethodisti na Wapentekoste wengi wameshika upande wa pili, wakisisitiza kwamba kuruhusu si kutaka. Tofauti hii inaweza kuonekana ya vitabuni, lakini ndiyo inayoamua kama mchungaji atasema hospitalini kwamba Mungu ndiye aliyeuleta ugonjwa huu au kwamba Mungu yupo nawe ndani yake.

Mwaka 1710 mwanafalsafa Mjerumani Leibniz aliisukuma hoja hadi mwisho wake kwa kudai kwamba Mungu mwenye hekima kamili lazima awe ameuchagua ulimwengu ulio bora kuliko yote inayowezekana. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa ya Lisbon yakiwa yamejaa waumini, tetemeko la ardhi, mawimbi ya bahari na moto viliuangamiza mji huo na kuua makumi ya maelfu. Imani ya Kikristo haikufa siku ile, lakini utulivu wa Leibniz haukupona tena.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mjadala ulipata umakini mpya. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie alidai kwamba Mungu mwema mwenye uwezo wote na uovu haviwezi kuwapo pamoja kimantiki, jinsi pembetatu isivyoweza kuwa na pembe nne. Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo wa Marekani, alijibu mwaka 1974 kwamba huenda hata Mungu hawezi kuumba viumbe walio huru kweli na wakati uleule ahakikishe kwamba hawatendi uovu kamwe. Kwa hiyo mgongano wa kimantiki haupo. Wanafalsafa wengi, wakiwamo wasioamini, wamekubali kwamba hoja ya Mackie kwa umbo lile ilijibiwa. Jibu hilo hata hivyo linaonyesha tu kwamba imani haijipingi yenyewe. Mwaka 1979 mwanafalsafa William Rowe akaleta swali zito zaidi kwa mfano wa mtoto wa paa aliyeungua katika moto wa msituni na kugaagaa kwa siku kadhaa bila mtu yeyote kujua: je, kuna jema gani lisingepatikana bila maumivu yale? Wakristo wengi wanaomjibu Rowe husema kwamba kutoiona sababu si uthibitisho wa kutokuwapo kwake, kwa kuwa akili ya mwanadamu haiwezi kutarajia kuziona njia zote za Mungu. Hapo falsafa inafika mlangoni pa kitabu cha Ayubu.

Hukumu ya Ayubu 42:7

Marafiki watatu wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanaanza vizuri. Wanaketi naye chini siku saba bila kusema neno. Makosa yanaanza wanapofungua vinywa. Elifazi anauliza ni nani asiye na hatia aliyewahi kuangamia. Bildadi anathubutu kudokeza kwamba watoto wa Ayubu walikufa kwa sababu ya makosa yao wenyewe. Wote wanaitetea haki ya Mungu, na wanaitetea kwa maneno ambayo mengi yake yangepokelewa vema katika mahubiri yoyote ya Jumapili. Ayubu anawaita matabibu wasiofaa, kisha anawauliza kama wanakusudia kumtetea Mungu kwa udanganyifu. Mwenyewe anamlalamikia Mungu ana kwa ana, anamwita mahakamani, anamtuhumu kwa kumfanya shabaha.

Mungu anapotokea katika upepo wa kisulisuli, hatoi sababu. Anamuuliza Ayubu alikuwa wapi alipoiweka misingi ya nchi, na anampitisha katika maajabu ya bahari, nyota, mbuni na farasi wa vita. Msomaji anajua tangu sura ya kwanza kilichojiri mbinguni. Ayubu haelezwi kamwe. Wako wanaosema kwamba jibu hilo ni la kumnyamazisha tu mnyonge, na siwezi kuwalaumu kwa kulisikia hivyo. Lakini sura ya mwisho inabadilisha maana ya yote yaliyotangulia, kwa kuwa Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake inawaka juu yake na rafiki zake wawili, “kwa kuwa ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu.” Waliomtetea Mungu kwa kumshitaki mteswa ndio wanaohitaji kuombewa, na anayewaombea ni yule aliyelalamika.

Sioni hukumu nyingine katika Biblia inayopaswa kuwatia hofu zaidi wahubiri wa eneo letu. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kuhusu jinsi jamii nyingi za Kiafrika zinavyotafuta mhusika nyuma ya msiba: si nini kilichomwua, bali ni nani. Swali hilo halikufutwa na ubatizo. Limebadilisha mavazi, likawa laana za ukoo, madhabahu za giza, dhambi iliyofichwa au uhaba wa imani. Injili ya mafanikio, iliyoenea katika miji yetu tangu miaka ya 1980 na 1990, inafundisha kwamba afya na mali ni haki ya mwamini, na matokeo yake hayaepukiki: anayebaki mgonjwa au maskini lazima awe amekosea mahali. Huyo ni Elifazi aliyepewa kipaza sauti. Yesu alikutana na fundisho hili mara mbili na mara zote mbili alilikataa. Katika Luka 13 anasema wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Katika Yohana 9, wanafunzi wanapouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu huyu azaliwe kipofu, anajibu kwamba si yeye wala wazazi wake, na badala ya kuendelea kuchunguza chanzo anamponya.

Mungu yuko wapi

Hapa ndipo Ukristo unaposema jambo ambalo ni lake. Katika Marko 15:34 Yesu msalabani analia kwa maneno ya Zaburi 22, akiuliza kwa nini Mungu wake amemwacha. Yaani, kwa wanaomkiri kuwa Mwana wa Mungu, swali la mteswa limeulizwa na Mungu mwenyewe kutoka ndani ya mateso. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyewapinga Wanazi, akiwa gerezani Berlin, aliandika katika barua ya tarehe 16 Julai 1944 kwamba Mungu anayeteseka ndiye pekee awezaye kusaidia. Alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Mwanatheolojia Mjapani Kazoh Kitamori aliandika juu ya maumivu ya Mungu mwaka 1946, nchi yake ikiwa kifusi. Jürgen Moltmann, mwanatheolojia Mjerumani, alikuwa kijana mwanajeshi mwezi Julai 1943, mabomu yalipoiteketeza Hamburg na kumwua rafiki aliyesimama kando yake. Alikuja kumjua Kristo kambini akiwa mfungwa wa vita, kwa kusoma zaburi za maombolezo na Injili ya Marko, na mwaka 1972 akatoa kitabu chake juu ya Mungu aliyesulibiwa.

Mababa wa Kanisa la kale wangewauliza waandishi hawa swali la haki. Wao walishikilia kwamba Mungu katika asili yake hawezi kushindwa wala kuyumbishwa na maumivu, na Sirili wa Aleksandria alitumia lugha ya kitendawili kusema kwamba Mwana aliteseka katika mwili bila asili ya uungu wake kuteseka. Hawakuwa wakatili. Walihofia kwamba Mungu anayezidiwa na mateso pamoja nasi hawezi kututoa humo. Mjadala huu haujafungwa, na nadhani kila upande unalinda kitu ambacho anayeumia anakihitaji: Mungu aliye karibu kiasi cha kuumia, na aliye mkuu kiasi cha kutozamishwa na maumivu hayo.

Kanisa Katoliki limeongeza hatua nyingine. Yohane Paulo II, chini ya miaka mitatu baada ya kupigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, alitoa tarehe 11 Februari 1984 barua juu ya maana ya mateso, akitegemea Wakolosai 1:24, akafundisha kwamba mgonjwa anaweza kuyaunganisha maumivu yake na ya Kristo kwa faida ya wengine. Kwa watu waliolala kitandani miaka mingi wakijiona hawana kazi tena duniani, fundisho hilo limekuwa hazina. Limetumiwa vibaya pia, hasa kwa mke anayepigwa na kuambiwa aubebe msalaba wake. Yesu aliuchukua msalaba kwa hiari. Msalaba anaotwishwa mtu na mwingine kwa nguvu ni dhuluma. Barua ile yenyewe inamalizikia kwa Msamaria mwema, yaani kwa wajibu wa kusimama na kufunga majeraha. Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste, aliyeanzisha Hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999 na kuwatibu wanawake waliobakwa vitani, anaonyesha wazi zaidi ni upande gani wa msalaba ambao Mkristo anatakiwa kusimama.

Maombolezo

Warundi na Wanyarwanda wanajua uzito wa swali hili kuliko vitabu. Wanyarwanda walikuwa na msemo wa kale kwamba Mungu hushinda kwingine mchana kutwa, lakini usiku hurudi kulala Rwanda. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, watu walikimbilia makanisani na kuuawa humohumo, Ntarama, Nyamata na kwingineko. Kule Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga juu ya watu zaidi ya elfu moja, na mwaka 2008 mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu padri wa parokia hiyo kifungo cha maisha. Kueleza kwamba hayo yote yalikuwa na kusudi jema ni kurudia kosa la Elifazi kwa kiwango cha kutisha.

Biblia inatoa kitu kingine badala ya maelezo. Takriban theluthi ya Zaburi ni maombolezo. Zaburi ya 88 inaanza gizani na kuishia gizani, bila kugeukia sifa, nayo ni sala halali. Padri Emmanuel Katongole wa Uganda, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kilichotokana na kuwasikiliza Wakristo wa Uganda ya kaskazini na Kongo ya mashariki, anaonyesha kwamba matumaini ya kweli katika maeneo hayo yalizaliwa ndani ya maombolezo. Anayemlalamikia Mungu bado anaamini kwamba yuko, anasikia, na alipaswa kuwa mwema. Ibada zetu zina nafasi tele ya sifa na ya shuhuda za ushindi. Nafasi ya mtu kusimama na kusema kwamba Mungu hajamjibu karibu haipo, na nadhani hasara hiyo ni kubwa kuliko tunavyokiri.

Je, yatakoma? Ufunuo 21:4 inaahidi kwamba Mungu atafuta kila chozi na mauti haitakuwapo tena. Mwandishi wa riwaya Mrusi Dostoyevski alimpa mhusika wake Ivan Karamazov pingamizi kali kuliko yote dhidi ya ahadi hiyo: kwamba hata upatanisho wa milele hauwezi kuhalalisha machozi ya mtoto mmoja aliyeteswa. Mwanatheolojia wa Kiorthodoksi David Bentley Hart, akiandika baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, alikubaliana na Ivan kwa sehemu kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Kwake, ufufuo si malipo yanayohalalisha kifo cha mtoto. Ni uokozi kutoka katika kifo ambacho Mungu hakukitaka. Paulo anakiita kifo adui wa mwisho katika 1 Wakorintho 15:26, na ni vigumu kuona jinsi adui anavyoweza kuwa vilevile kazi isiyo na makosa.

Wanaomfuata Calvin au Thoma hawataridhika, kwa kuwa wanaona kwamba mateso yasiyo na kusudi lolote ni ya kutisha kuliko yenye kusudi lililofichika, na hofu yao ina uzito. Mimi naelemea upande wa Hart, kwa sababu Injili zimejaa uponyaji na sijui mahali ambapo Yesu anamrudisha mgonjwa akimwambia Mungu ameukusudia ugonjwa wake. Najua kwamba mwiba katika mwili wa Paulo, anaousimulia katika 2 Wakorintho 12, haukuondolewa. Alimsihi Bwana mara tatu, na alichopewa ni neema ya kutosha, si sababu. Lakini Paulo anayasimulia hayo kwa habari za mwili wake mwenyewe. Timotheo alipokuwa na maradhi ya tumbo na kuumwa mara kwa mara, barua ya kwanza aliyoandikiwa haimwambii kwamba huo ndio mwiba wake. Inamshauri aache kunywa maji peke yake, atumie mvinyo kidogo.